Sigara Moja Tu: Mwongozo kwa Aliyekwisha Kuacha

Mwongozo huu haukuandikwa kwa mtu anayetaka kuambiwa kwamba sigara inaua. Hilo limeandikwa kwenye paketi, na wavutaji wamelisoma mara nyingi kuliko sisi wengine. Umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyekwisha kuzima ya mwisho, iwe jana au miezi minne iliyopita, na unajua moyoni kwamba si mara yako ya kwanza kuizima. Kuacha wengi wameweza. Kaa kijiwe chochote uulize: huyu aliacha mwaka mzima, yule aliacha alipooa, mwingine aliacha alipolazwa akaanza tena wiki aliyotoka wodini. Kazi iko kwenye kubaki umeacha.

Mtazame mvutaji anayefunga Ramadhani. Kuanzia alfajiri hadi Magharibi, saa 13 na ushee, hagusi sigara. Mtu huyohuyo mwezi uliopita hakuweza kumaliza saa mbili kazini bila kutoka nje. Mchana kichwa kinamgonga kidogo, hasira ziko karibu, lakini hagombani na nafsi yake. Kisha muadhini anaadhini: tende moja, funda la maji, na mkono umeshaingia mfukoni kabla uji haujapoa. Kimebadilika nini? Mchana alikuwa na vitu vitatu. Alikuwa na nia aliyoiweka tangu usiku, alizungukwa na watu wanaofanya kama yeye, na suala lenyewe lilikuwa limeshafungwa, hajiulizi kila nusu saa avute au asivute. Ikifika Magharibi vyote vitatu vinaondoka kwa pamoja. Mengi nitakayokwambia hapa chini ni namna ya kuvirudisha, uwe unafunga au hufungi.

Kinachorudi na kisichorudi

Sababu yako ya kuacha ikiwa ni "afya" tu, haitakufikisha mbali. Neno hilo ni pana mno, na siku ya pili ya arosto, yale mateso ya kukosa nikotini, halikushikii chochote. Ni vyema ujue kinachoendelea mwilini mwako leo na wiki ijayo, siyo tu kile kitakachokupata ukiwa mzee.

Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kuleta saratani. Inayokuumiza kwa haraka zaidi haina hata harufu: ni kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Hushikamana na chembe nyekundu za damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, hivyo moyo wa mvutaji unafanya kazi kubwa kusambaza hewa kidogo. Ndiyo maana ghorofa ya tatu unafika unahema. Ukizima sigara, mapigo ya moyo huanza kushuka ndani ya dakika 20, na katika muda wa nusu siku hivi gesi hiyo inarudi kwenye kiwango cha kawaida. Yule mfungaji wetu anafika Magharibi damu yake ikiwa imeshajisafisha kwa kiasi kikubwa, kisha anaichafua upya kwa dakika tano.

Kati ya wiki ya pili na mwezi wa tatu mzunguko wa damu na kazi ya mapafu huwa nafuu. Kikohozi na kubanwa pumzi hupungua katika miezi inayofuata. Hapa pana mtego unaowarudisha wengi. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufagia makohozi na vumbi na kuvipandisha juu. Moshi huvilemaza. Ukiacha, vinaamka na kuanza kazi iliyolala miaka, na baadhi ya watu hukohoa zaidi wiki za mwanzo kuliko walipokuwa wanavuta. Wanasema, "Kumbe sigara ilikuwa inanituliza kifua," wanarudi dukani. Vumilia kikohozi hicho, ingawa nitakirudia hapo mwisho kwa sababu si kila kikohozi ni cha kuvumiliwa.

Ukitimiza mwaka, hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo inakuwa imepungua hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Ukitimiza miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo hushuka hadi karibu nusu. Lakini nisikudanganye: vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu vikishabomoka havioti tena. Mwenye mapafu yaliyobomoka hivyo akiacha anazuia uharibifu usiendelee kwa kasi ileile, na hakuna dawa itakayomfaa kuliko hiyo, ila mapafu aliyokuwa nayo akiwa na miaka 20 hatayapata tena.

Je, umri umeshapita? Swali hili lilijibiwa na madaktari kwa miili yao wenyewe. Mwaka 1951 Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza wakiwauliza kuhusu uvutaji wao, kisha wanaume zaidi ya 34,000 kati yao wakafuatiliwa kwa miaka 50. Waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10 kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na miaka 60 waliokoa kama miaka 3, walioacha na 50 waliokoa 6, na 40 waliokoa 9. Walioacha wakiwa na miaka 30 waliepuka karibu hasara yote. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Aliacha matokeo ya utafiti wake wa awali, uliotangulia huu, yalipoanza kujitokeza, akaishi hadi miaka 92.

Na ukiwa miongoni mwa wanaosema "nimepunguza, sasa ni moja tu kwa siku", sikia hili. Watafiti waliokusanya tafiti nyingi na kuzichapisha mwaka 2018 waligundua kwamba sigara moja kwa siku inabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo wanayobeba wavutao 20. Moyo hauhesabu kama tunavyohesabu sisi.

Yapo mengine ambayo wanaume hawayasemi mbele za watu. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, na inayopeleka damu kwenye uume ni miongoni mwa inayoathirika mapema. Wangapi wanahangaika na dawa za nguvu za kiume zinazouzwa vichochoroni, huku paketi iko mfuko wa shati! Mwenye kisukari anayevuta anaweka miguu yake hatarini mara mbili. Kifua kikuu nacho kinampata mvutaji kwa urahisi zaidi na kinamuua kwa urahisi zaidi. Na kati ya watu zaidi ya milioni 7 ambao tumbaku huwaua kila mwaka duniani, zaidi ya milioni moja hawakuwa wavutaji. Walivuta hewa ya nyumba na ofisi za wenzao.

Sasa chukua karatasi uandike sababu yako kwa sentensi moja yenye jina la mtu au mahali. "Mwanangu wa pili ana pumu na tunalala chumba kimoja." "Nataka nipande ngazi za kazini bila kusimama." Ukipenda ya fedha, piga hesabu: tuseme sigara moja ni shilingi 200 za Tanzania na ulikuwa unavuta 10 kwa siku. Hizo ni shilingi 730,000 kwa mwaka, na kwa watu wengi hiyo ni kodi ya chumba ya miezi mingi. Weka karatasi hiyo pale ulipokuwa unaweka paketi.

Wiki tatu ngumu

Nikotini hufika ubongoni sekunde 10 hivi baada ya kuvuta, na kwa saa chache tu inaisha mwilini. Kwa hiyo arosto huanza siku ileile, hupanda hadi kilele siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka polepole kwa wiki tatu au nne. Utakuwa na hasira zisizo na mwenyewe, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, kichwa kizito, na wengine hukosa choo. Waambie watu wa nyumbani mapema: "Wiki hii nikifoka, msinijibu." Ni heshima kwao, na inakufunga wewe pia.

Hamu yenyewe haikai. Inakuja, inapanda, na mara nyingi ndani ya dakika tano hadi 10 imepita, uvute usivute. Unachohitaji ni kitu cha kufanya katika dakika hizo. Kunywa maji, piga mswaki, tembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Tafuna kipande cha muwa, karanga, tangawizi, au weka karafuu moja mdomoni kama wanavyofanya baadhi ya watu Unguja. Mikono nayo ina mazoea yake, basi ipe tasbihi, funguo, bao, chochote.

Usibadilishe sigara kwa ndugu zake. Ugoro na kuberi ni tumbaku ileile, nayo huleta saratani ya mdomo. Shisha, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, inampa mtu moshi mwingi mno kwa kikao kimoja, hata kama unanukia tufaha. Miraa si tumbaku, lakini nani hajui kwamba mabunda na sigara huenda pamoja? Sigara nyingi za kielektroniki zina nikotini, na nyingine zina nikotini nyingi sana, kwa hiyo kamba inabaki shingoni.

Sasa kahawa. Jambo hili watu wachache wanaambiwa, na kwetu sisi wa baraza na vijiwe vya kahawa ni kubwa. Moshi wa sigara huliamsha ini livunje kafeini kwa haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Vile vikombe vinne vya kahawa chungu ulivyozoea kunywa na kashata jioni vinaanza kufanya kazi ya vikombe vinane. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi unapaa. Wewe unadhani ni arosto, unakwenda kutafuta dawa yake, na dawa yake unaijua. Punguza kahawa kwa nusu tangu siku unayoacha, na jioni usiiguse kabisa kwa wiki za mwanzo. Kwa sababu hiyohiyo, kama unatumia dawa za maradhi ya akili, au sindano za insulini, mwambie daktari kwamba umeacha sigara. Huenda kipimo cha dawa kikahitaji kuangaliwa upya.

Uzito utaongezeka kidogo, kwa wastani kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza. Ni bei ndogo. Usianze kujinyima chakula wiki uliyoacha sigara, maana vita viwili kwa wakati mmoja ni vingi.

Sarafu za muuza sigara

Kila mvutaji ana saa zake. Mmoja ni baada ya ugali wa mchana. Mwingine ni akiwa kijiweni na bodaboda yake anasubiri abiria. Mlinzi wa usiku ni saa tisa, usingizi unapomzidi nguvu. Dereva wa lori ni kwenye foleni ya mizani. Dar es Salaam kuna wale vijana wanaotembeza sigara, pipi na karanga kwenye kiboksi huku wanachezesha sarafu mkononi, chwa-chwa-chwa, na mtu aliyeacha husikia mlio huo kutoka mtaa wa pili hata akiwa katikati ya mazungumzo. Si udhaifu, ubongo wake umeunganisha mlio na nikotini kwa miaka.

Ziandike saa zako tatu au nne zilizo mbaya zaidi, na kwa kila moja panga mapema utafanya nini. Ukimaliza kula, inuka uoshe sahani yako kabla hujakaa tena. Badili njia ya kurudi nyumbani kama ya zamani inapita kwenye kioski chako. Tena nenda kwa mwenye duka mwenyewe, mchana, ukiwa na akili timamu, umwambie: "Kaka, nikija kukuomba sigara usiniuzie, hata nikikuapia." Atacheka, lakini atakumbuka, na siku utakapokuja usiku utaona aibu kuomba. Maduka yetu yanauza sigara mojamoja, na kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ilikataza paketi zenye sigara chini ya 10. Mtaani hali unaijua mwenyewe. Anayetakiwa kununua paketi nzima hupata muda wa kufikiri. Wa sigara moja hana muda huo, mkono wa mwenye duka una kasi kuliko akili.

Pombe, kama unatumia, iache kwa mwezi wa kwanza angalau. Sina namna ya kulipamba hili. Wengi walioanguka walikuwa na bia mkononi.

Mwezi wa tatu

Hapa ndipo pa kuogopa kuliko siku ya tatu. Siku ya tatu unajua uko vitani. Mwezi wa tatu mwili umetulia, vipokezi vya nikotini ambavyo uvutaji uliviongeza ubongoni vimepungua kuelekea kawaida, unanukia vizuri, na unaanza kujiamini. Ndipo linapokuja wazo: "Nimeshaonyesha kwamba naweza. Sasa moja tu haitanirudisha." Halina sauti ya tamaa, linazungumza kama mtu mwenye busara, tena kwa upole.

Mara nyingi huja msibani. Wanaume wamekaa nje juu ya mikeka, usiku mrefu, kahawa inazunguka, na jamaa uliyemkosa miaka mitano anakunyooshea sigara kwa upendo wa kweli, maana nyote mmefiwa. Kukataa kunaonekana ni ubaridi. Jiandae kwa usiku huo kabla haujafika. Ukifika, omba kazi: simamia chai, chota maji, pokea wageni, kaa karibu na wazee wasiovuta. Na akikunyooshea, jibu ni fupi: "Asante, sivuti." Usiseme "najaribu kuacha", kwa sababu anayejaribu anaweza kushawishiwa, na huyo jamaa atakushawishi kwa nia njema kabisa. Usieleze sababu. Ukieleza, umefungua mjadala, na mjadala ndio usioutaka. Harusi ni hivyohivyo, ila kelele ni nyingi zaidi na ni rahisi kuondoka.

Kwa hiyo, kama ya yule mfungaji, nia iwekwe kila asubuhi, kwa maneno, hata ukiwa mwaka wa pili: leo sivuti. Ya kesho itawekwa kesho. Na tafuta mtu mmoja anayejua, mke, mume, shemeji, mshirika wa msikitini au kanisani, ambaye unaweza kumpigia simu saa nne usiku bila kujieleza sana.

Ukiteleza

Umevuta moja. Basi ni moja. Wengi wanaoonja hurudi moja kwa moja, na kinachowarudisha zaidi ni lile neno la baadaye: "Nimeshaharibu, bora nimalize paketi." Hujaharibu chochote ambacho usiku mmoja hauwezi kurekebisha. Zitupe zilizobaki kwenye maji ili usizirudie, mwambie yule mtu wako, na jiulize ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi. Umepata saa moja zaidi ya kuandika kwenye karatasi. Usisubiri Jumatatu, wala Mwaka Mpya, wala mfungo ujao.

Kama umeshajaribu mara kadhaa peke yako na umeanguka kila mara, omba msaada bila haya. Wanaojaribu bila msaada wowote, ni chini ya mmoja kati ya 10 anayefika mwaka kwa jaribio moja. Bazoka za nikotini na viraka vya kubandika kwenye ngozi huongeza uwezekano wa kufaulu kwa karibu nusu zaidi, na vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Vidonge vya varenicline na bupropion viliongezwa mwaka 2021. Upatikanaji wake kwetu ni wa shida na bei si ya kila mtu, lakini uliza kwenye duka kubwa la dawa, na vidonge hivyo viwili visitumike bila daktari. Kenya, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Kwingineko, kama tayari unahudhuria kliniki ya kisukari, presha au kifua kikuu, mwambie mhudumu wako kwamba umeacha na unaogopa kurudi. Hata dakika chache za ushauri wake zinasaidia.

Sasa kile kikohozi. Cha kujisafisha kifua hupungua kadiri wiki zinavyopita. Kikikaa wiki mbili bila dalili ya kupungua, au kikija na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au damu kwenye makohozi, usikae nyumbani ukisema ni sigara inatoka. Nenda kituo cha afya, toa makohozi yapimwe, na ueleze ulivuta miaka mingapi. Kipimo cha kifua kikuu ni bure Kenya na Tanzania katika vituo vya serikali, na matibabu yake pia.